Waya wa Mtego kwenye Shingo ya Mbwa

Kola inayotumika kufundishia mbwa wengi wa Kuria Mashariki haikutoka kiwandani. Ni kamba ya nailoni iliyobaki kwenye mzigo, au mnyororo uliofungwa kwa kufuli kuukuu, au, na hili si jambo la nadra, ni waya. Waya huo ni ndugu wa ule unaotegewa swala na nyumbu upande wa Mara na Serengeti, ambako askari wa wanyamapori hung'oa mitego kwa maelfu. Nyumbu akishaingiza shingo, kitanzi hukaza kila anapovuta, na hakilegei anapoacha. Mtegaji hahitaji hata kuwapo, kwa kuwa mnyama hujimaliza mwenyewe kwa nguvu zake.

Naanzia Kegonga, huku Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori, kwa sababu mjadala wa kola za mbwa, unavyotufikia kutoka Ulaya na Marekani, huzungumza juu ya bidhaa. Kuna kola ya kukaba, yaani mnyororo unaopita ndani ya pete yake na kukaza mbwa anapovutwa. Kuna kola ya miiba, yenye meno ya chuma yanayobana ngozi pande zote. Kuna kola ya umeme, yenye betri na rimoti. Watu hutukanana kwa sababu ya vitu hivi vitatu kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Wales ilipiga marufuku kola ya umeme mwaka 2010. England ilipanga kufuata mwezi Februari 2024, lakini tarehe ikapita bila kanuni kukamilishwa. Mfugaji wa Kegonga anaweza kusoma haya yote na kuona hayamhusu, maana hajanunua hata kola moja. Yanamhusu kuliko anavyodhani.

Tuanze na shingo yenyewe. Mbele kabisa, chini ya ngozi na misuli michache, kuna bomba la hewa. Limeshikiliwa na pete za gegedu ambazo hazijakamilika upande wa nyuma, na juu yake kuna zoloto, sanduku la sauti. Hapo jirani iko tezi ya thairoidi. Pembeni hupita vena kubwa zinazorudisha damu kutoka kichwani, na ndani zaidi zimo ateri zinazoipeleka. Ukibana shingo, vena ndizo hufunga kwanza kwa kuwa shinikizo la damu ndani yake ni dogo na kuta zake ni laini. Ateri huendelea kusukuma. Damu inaingia kichwani na haitoki, ndiyo maana macho ya mbwa anayevutana na kamba hujaa wekundu. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walipima shinikizo la ndani ya jicho mbwa akivuta kwa kola, kisha akivuta kwa mikanda ya kifuani. Kwa kola shinikizo lilipanda, kwa mikanda halikupanda kwa kiwango cha maana. Kwa mbwa mzima hilo hupita. Kwa mwenye jicho bovu au presha ya macho ni hatari.

Utafiti uliokwenda mbali zaidi ni wa Anne Carter, Donal McNally na Amanda Roshier wa huko Nottingham, uliochapishwa mwaka 2020. Walitengeneza shingo ya bandia, wakaivika kola za aina mbalimbali na kamba ya kitanzi, wakazivuta kwa nguvu tofauti, kuanzia mvuto wa kawaida hadi mshtuko wa ghafla. Shinikizo walilopima lilikuwa kati ya kilopaskali 83 na 832. Takwimu hiyo haina maana mpaka uilinganishe na kitu. Damu ya mbwa mwenye afya, moyo unaposukuma, huwa na shinikizo la takriban kilopaskali 20. Kwa hiyo hata kipimo cha chini kabisa kilizidi mara nne ya shinikizo linalotosha kuzuia damu pale kola ilipogusa. Hawakupata kola hata moja ya kuiita salama, pamoja na zile pana zenye sponji ndani.

Watetezi wa kola walijibu kwamba shingo ya bandia ni ngumu, haina manyoya wala misuli inayotawanya shinikizo. Ni kweli, na mtu asichukue zile kilopaskali kama kipimo cha mbwa aliye hai. Lakini mpangilio hauondoki kwa hoja hiyo: nguvu ile ile ikipita kwenye ukanda mwembamba huuma zaidi kuliko ikipita kwenye ukanda mpana, na mshtuko wa ghafla hushinda mvuto wa polepole kwa mbali. Sasa rudi kwenye waya. Waya wa milimita tatu una upana usiofika hata sehemu ya nane ya ukanda wa sentimita mbili na nusu.

Hesabu ya mshtuko nayo inafaa kufanywa, kwa kuwa ndiyo inayowatokea mbwa waliofungwa kila siku. Chukua mbwa wetu wa kawaida wa kilo 10 aliyefungwa kwa kamba ya mita tatu. Mgeni anapita, mbwa anaruka. Akifika mwisho wa kamba akiwa na mwendo wa mita tano kwa sekunde, mwendo usiomsumbua mbwa yeyote mzima, na shingo ikamsimamisha ndani ya sentimita kumi, nguvu inayotua kwenye koo lake ni sawa na uzito wa kilo 127 hivi. Hilo linapita gunia la mahindi la kilo 90. Kamba ikiwa na mnyumbuko wa kumsimamisha ndani ya sentimita thelathini, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 42 au zaidi kidogo. Mbwa ni yule yule na hasira ni ile ile, kilichobadilika ni mnyumbuko wa kamba tu. Kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichounganishwa vizuri katikati ya kamba kinaweza kupunguza kishindo kile kuliko kola ya bei ghali iliyofungwa kwenye mnyororo usionyumbuka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaoandika juu ya kola. Wanauliza ipi ipigwe marufuku. Kwa maoni yangu mbwa wa hapa wanaumia zaidi kwa kufungwa kuliko kwa kufundishwa. Anayevuta mnyororo wa kukaba mara tano katika somo la nusu saa anamdhuru mbwa, sibishi. Lakini mbwa aliyefungwa kutwa kwenye mti, anayeruka kila mpita njia anapotokea, anajinyonga mara nyingi zaidi ya hapo, na hakuna anayeita hayo mafunzo.

Ingawa kwa kweli wenyewe wanayaita hivyo. Nenda boma lolote lenye ng'ombe uulize kwa nini mbwa amefungwa mchana, utaambiwa: ili awe mkali usiku. Imani hii ina mizizi. Kuria ni nchi ya mpakani, ng'ombe wameibwa kwa vizazi kwenda na kurudi upande wa Tanzania na Trans Mara, na mbwa asiyebweka ni mdomo wa bure. Sikejeli hitaji hilo. Ila kinachotengenezwa na kamba fupi ni woga uliochanganyika na hasira, na mbwa wa namna hiyo akifunguliwa usiku hamtofautishi mwizi na mtoto anayetoka kwenda choo. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayejua watu wake na kupaza sauti kwa wasio wake. Elimu hiyo huipata kwa kuzunguka boma na wenyewe. Mti haumfundishi.

Tukirudi kwenye mafunzo yenyewe, historia ya kufundisha kwa kukaba ni ya kijeshi na kipolisi. Konrad Most, Mjerumani aliyefundisha mbwa wa polisi, alichapisha kitabu chake mwaka 1910, na nusu karne baadaye, mwaka 1962, William Koehler wa Marekani akatoa chake. Hawa wawili ndio waliojenga msingi wa mvuto wa ghafla kama adhabu. Mbinu hizo zilisambaa kupitia majeshi, polisi na baadaye kampuni za ulinzi, na bado unamwona askari wa lango mjini akitembea na German Shepherd mwenye mnyororo wa kukaba juu kabisa ya shingo, chini ya masikio. Mwaka 2013 madaktari walieleza kisa cha mbwa wa aina hiyo hiyo, wa mwaka mmoja, ambaye mwenyewe alimning'iniza kwa mnyororo wa kukaba ili kumtia adabu. Ubongo wake uliharibika vibaya kwa kukosa damu, ikabidi auawe. Kisa kimoja si takwimu. Kinachofanya nikitaje ni mbinu yenyewe. Mwenye mbwa alikuwa anatumia mbinu iliyofundishwa kwa miongo mingi.

Kuhusu kola ya umeme hoja ni nyingine, na wapinzani wake huharibu kesi yao wanapoichanganya na kukaba. Haibani koo. Madhara yake ya shingoni ni vidonda vinavyotokana na ncha zake za chuma kukandamiza ngozi kwa saa nyingi bila kuhamishwa. Mengine ni ya maumivu na woga. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kililinganisha mbwa 63 katika makundi matatu na mwaka 2020 kikaripoti kwamba waliofundishwa kwa zawadi waliitikia wito sawa na wale wa umeme, au vizuri zaidi. Kisha mwaka 2024 Anamarie Johnson na Clive Wynne wa Arizona State wakatoa matokeo yanayoelekea upande mwingine: katika majaribio ya kuzuia mbwa kukimbiza kitu kinachokwenda kasi, waliopata umeme waliacha upesi, na makundi ya chakula hayakuacha katika muda ule mfupi waliopewa. Wapinzani wakasema kundi la chakula halikufundishwa ipasavyo. Wanaotetea wakasema mbwa anayeua kondoo hana muda wa kusubiri mwezi mzima wa zawadi.

Hoja hiyo ya mwisho inasikika vizuri mno Kegonga, kwa kuwa mbwa anayeonja mbuzi wa jirani hupigwa rungu au hutegewa sumu. Ukiniuliza kama shoti ni bora kuliko sumu, nitasema ndiyo bila kusita. Lakini angalia masharti ya majaribio yale: wataalamu, vifaa vilivyopimwa, muda wa kubonyeza usiokosea hata sekunde moja. Kola za bei ndogo zinazouzwa mtandaoni hazina dhamana ya namna hiyo, na rimoti ikishikwa na mtoto wa shule mbwa atajifunza kwamba mbuzi, au yule mtoto, ndiye anayeuma. Mbwa anayekimbiza mifugo hurekebishwa akiwa na miezi michache, kwa kulala karibu na zizi na kutembea na mchungaji akiwa kwenye kamba ndefu. Akishaua mara mbili tatu, kifaa chochote kimechelewa.

Mfano wa kufundisha bila kugusa koo hauko mbali na hapa. Ng'ambo ya Trans Mara, kwenye Pembetatu ya Mara, shirika la Mara Conservancy lina mbwa wa kufuata harufu, kazi iliyoanza mwaka 2009 kwa bloodhound wawili, Memusi na Morani. Mbwa wa kufuata nyayo hufanya kazi akiwa amevikwa mikanda ya kifuani, na si kwa huruma. Anatakiwa avute, aelekee harufu kwa nguvu akiwa na kamba ndefu nyuma, na pua yake ifanye kazi huku akipumua kwa raha. Ukimfunga shingoni utakuwa umeminya bomba lile lile linalopitisha hewa unayomtaka ainuse. Ni ajabu kidogo kwamba teknolojia bora ya kamba za mbwa katika ukanda huu inatumiwa kuwasaka wanaotega kwa waya.

Mkulima wa Kuria hahitaji kufunzwa na bloodhound, maana kanuni hii anaijua kwenye plau. Nira ya ng'ombe hukaa mbele ya nundu, mzigo ukabebwa na mabega. Kamba inayopita chini ya koo kazi yake ni kuzuia nira isiruke, na ikikaza ng'ombe hukohoa na kusimama. Punda hana nundu, na anayemvika nira ya ng'ombe huona vidonda shingoni kabla ya msimu kuisha. Mbwa yuko hivyo hivyo: nguvu ikiwa ya kuvuta, ibebwe na kifua.

Je, kola iondolewe kabisa? Hapana. Kola pana iliyolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili ni mahali pazuri pa kuweka alama ya chanjo na namba ya simu, na mbwa anayejua kutembea bila kuvutana haumizwi nayo. Tatizo la kola ya namna hii kwetu ni moja, na ni la kusahau. Mtoto wa mbwa hufungwa kamba akiwa na miezi miwili na akikua kamba haikui. Manyoya huifunika, ngozi huivimbia, nzi hutaga mayai, na siku harufu inapowashtua wenyewe kamba imeshaingia ndani ya nyama. Daktari wa mifugo huikata kwa dawa ya usingizi na kidonda hupona kwa wiki kadhaa, mbwa akiwa na bahati. Kinga yake ni kupitisha vidole kila Jumapili hadi atimize mwaka.

Sasa nifikie jambo linaloniudhi zaidi katika mjadala mzima, yaani kichaa cha mbwa kutotajwa kabisa. Ugonjwa huu uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912. Mpango wa taifa wa mwaka 2014 uliweka lengo la kuumaliza kufikia 2030, na makadirio yaliyotumika wakati huo yalifikia vifo 2,000 vya watu kwa mwaka, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa. Ili kukata maambukizi inabidi angalau 70% ya mbwa wachanjwe. Ng'ambo ya mpaka, kwenye vijiji vinavyozunguka Serengeti, mbwa wamechanjwa kwa kampeni za miaka mingi, sehemu kwa ajili ya watu na sehemu kwa ajili ya wanyamapori, baada ya ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, kuua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Virusi na wezi wa ng'ombe wana tabia moja: hawasimami mpakani.

Chanjo vijijini hufanywa kwa kuita watu walete mbwa mahali pamoja, chini ya mti au kwenye uwanja wa shule. Mara nyingi utaratibu huo hufikia mbwa wachache kuliko inavyotakiwa. Sababu ni nyingi, lakini moja inajulikana kwa yeyote aliyewahi kushika sindano kwenye foleni ile: mbwa hashikiki. Mkono ukikaribia shingo anauma, kwa sababu maisha yake yote mkono uliokaribia shingo ulikuja kumfunga, kumvuta au kumkaba. Mwenyewe anaona aibu au anaogopa kuumwa, anamwacha nyumbani. Wengine humleta kwa waya, mbwa akitoa povu kwa kukabwa, na foleni nzima inakimbia ikidhani ameshapata kichaa.

Kwa hiyo usalama wa shingo ya mbwa Kegonga ni suala la afya ya watoto kabla ya kuwa suala la haki za wanyama. Kila mbwa anayeruhusu kushikwa ni sindano moja inayoingia. Zoezi lake halina gharama. Mguse shingoni, kisha mpe kipande cha ugali. Rudia wakati wa chakula, kesho mshike kidogo zaidi, keshokutwa mvike kitambaa. Katika wiki mbili mbwa mchanga hujifunza kwamba mkono ni habari njema. Mbwa aliyekomaa mwenye uchungu wa miaka huchukua muda, na wapo watakaohitaji mdomo kufungwa kwa kitambaa siku ya sindano. Hata hao si hasara.

Upande wa sheria, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumpiga, kumtesa na kumtisha mnyama kikatili, na ingetosha kama ingefika huku. Sioni faida ya Nairobi kuiga marufuku ya Wales na kujipongeza. Kola za umeme zingepungua kwenye mitaa ya Karen na Runda, na kamba za Kegonga zingebaki zilivyo. Kwenye kampuni za ulinzi, ambako mnyororo wa kukaba ni sehemu ya sare, kuna mlango ulio wazi: tangu sheria ya mwaka 2016 sekta hiyo ina mamlaka ya kuisimamia, na sharti la mafunzo ya washika mbwa lingeweza kuwekwa bila sheria mpya. Na serikali ya kaunti ya Migori, inapotuma timu ya chanjo, iwape pamoja na majokofu yao kamba chache na dakika tano za kuwaonyesha watu fundo.

Fundo lenyewe ni hili. Ukilazimika kutumia kitanzi, kipime kwanza kwenye shingo ya mbwa, kikiwa kimelegea kwa vidole viwili, kisha piga fundo nene kwenye kamba mahali hapo, ili kitanzi kikifika pale kisiweze kukaza zaidi. Waya haupokei fundo la namna hiyo, na hiyo pekee inatosha kuutupa. Ukitaka mikanda ya kifuani, mpelekee fundi viatu kamba ya begi la shule lililochakaa. Apime mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, aunganishe na ukanda unaopita mbele ya kifua chini ya koo, aweke pete ya chuma mgongoni, na ashone kila maungio mara mbili kwa uzi wa viatu.